Sura ya Nne: Mdomo wa Mheshimiwa

Mama Rahab alifika kituo cha polisi cha Nakuru saa moja asubuhi, kama alivyofika jana na juzi. Akakaa kwenye benchi lile lile la ukumbini, mkebe wa githeri, mahindi na maharagwe, mapajani na kitabu chake cha nyimbo juu ya mkebe. Kitabu kilitiwa jalada la karatasi nzito, nyeupe, safi kuliko nguo aliyovaa. Kusoma hakujua. Alikifungua popote kilipokubali kufunguka, akaimba wimbo uliotakwa na moyo wake, kwa sauti ya chini ili asiwaudhi wenye kituo.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema Inspekta Hezekiah Kosgei, akimpita.

"Mzuri. Micah amekuja?"

"Bado, mama."

"Atakuja. Micah ni mtoto yangu. Hawezi kosa kuja."

Mtoto wake wa kumzaa alikuwa ndani ya selo, hatua ishirini tu kutoka pale, naye hata siku moja hakuuliza atatoka lini. Aliuliza kama Micah amekuja. Hezekiah aliingia ofisini akafunga mlango, maana swali hilo lilikuwa limeanza kumchoma.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili ya tarehe kumi na tatu Aprili, mwaka 1958, Micah arap Lelei, mwenyekiti wa chama cha Waafrika cha wilaya, alihutubia watu elfu mbili kwenye kiwanja cha mpira cha Bondeni, kwa kibali cha serikali, na Bwana DO, mzungu mkuu wa tarafa, akiwa ameketi mbele kabisa. Micah hakuwa na kiti katika baraza lolote, lakini watu walikuwa wamekwisha kumwita Mheshimiwa. Walimpa cheo mapema, kama mtoto anavyopewa jina la babu yake ili alikulie. Alihutubia kwa Kiingereza. Hata wasiojua neno moja la Kiingereza walikipenda, kwa fahari ya kuona mtoto wa mchunga ng'ombe wa Rongai akimkaripia mzungu kwa lugha ya mzungu. Kando yake, hatua moja nyuma, alisimama Kinyanjui, mwana wa Rahab, akiigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili. Kutoka Rongai mpaka Kabazi watu walimwita Mdomo wa Mheshimiwa.

Katikati ya hotuba likatoka neno: "Hati za mashamba haya ziliandikwa sisi tusiwepo. Msitafute kalamu ya kuzifuta. Moto haujui kusoma." Uwanja ukalipuka kwa makofi. Usiku huo ghala la majani makavu la mzungu mmoja wa Subukia likateketea, na kabla hapajakucha Jumatatu Kinyanjui alikuwa ndani kwa kosa la uchochezi.

Micah hakukamatwa. Alisema hakutamka neno lolote la moto. Mkalimani alilitia mwenyewe. Na Jumanne Kinyanjui naye akaandikisha ungamo: ndiyo, ni mimi, nilitia chumvi. Kesi ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Leo ilikuwa Jumatano.

Mtu mwingine angefungwa miaka mitatu, basi. Lakini Kinyanjui alikuwa Mkikuyu, na Hali ya Hatari, ile sheria kali juu ya Wakikuyu, ilikuwa haijaondolewa. Pasibuku yake, kibali cha kukaa Nakuru, ingefutwa, na ya mama yake pamoja nayo, na Rahab angepandishwa lori kupelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, ambako hakuwa na shamba wala ndugu.

"Hezekiah," Bwana Harwood, mkubwa wa upelelezi, alikuwa amemwambia, "wewe tafuta watu wawili tu, nasikia yule Kikuyu nasema moto. Andika. Maliza. Hapana chimba-chimba."

Bwana Harwood alijua kusema na inspekta wake kwa Kiingereza kizuri. Kiswahili hicho cha shambani alikitoa pale alipotaka mtu asimjibu. Kisha akavaa kofia, akaenda Naivasha, akasema atarudi saa tisa mchana.

Tuseme ukweli, Hezekiah mwenyewe hakuwa na nia ya kuchimba. Nani Nakuru hakujua kwamba Kinyanjui hutia chumvi? Kwenye harusi moja ya Rongai, padri alisema maneno manne na Kinyanjui akaendelea mpaka bibi harusi akalia. Hata lile neno la mfupa, lililomfikisha Micah kwenye magazeti ya Nairobi, watu walinong'ona kwamba mpishi wake alikuwa Kinyanjui. Mwaka uliopita habari zilikuwa za viti maalumu vya Baraza la Kutunga Sheria, viti ambavyo Mwafrika hangepigiwa kura na Waafrika wenzake. Micah alivikataa kwa Kiingereza kirefu na kikavu. Kinyanjui akakigeuza: "Kiti cha kupewa ni mfupa, na anayeupokea asishangae akivishwa mnyororo." Kuanzia siku hiyo neno likawa la Micah. Hezekiah alilirudia nyumbani kwake mezani, akimwigiza Mheshimiwa kwa mkono kifuani, mpaka watoto wakacheka. Alimpenda Micah, wengi walimpenda.

Kwa hiyo alifungua daftari la Konstebo Kipkorir kwa ajili ya kumaliza tu. Kipkorir ndiye aliyekuwa mwandishi wa polisi mikutanoni. Mwandiko wake ulisimama wima kama askari wa gwaride.

*Mkutano umefunguliwa kwa sala, saa nane. Mawingu, mvua karibu.* Kurasa sita mbele: *Saa tisa na robo. Bwana DO amesimama, amevaa kofia. Hati za mashamba haya ziliandikwa sisi tusiwepo. Msitafute kalamu ya kuzifuta. Moto haujui kusoma. Makofi. Bwana DO ameondoka.*

Hezekiah alisoma mara ya pili. Akamwita Kipkorir.

"Hii uliandika hapo hapo, ama ulikuja kupanga ofisini?"

"Hapo hapo, afande. Mimi sipangi kitu. Ile inatokea kwanza, naandika kwanza."

"Micah akiongea Kiingereza wewe unafanya nini?"

Kipkorir aliangalia viatu vyake. "Napumzisha mkono, afande. Kiingereza sijui. Nangoja ya Kinyanjui."

"Na Bwana DO, Kiswahili anajua?"

"Ya kuitisha maji ya kuoga, afande."

"Sasa niambie. Hapa umeandika DO amesimama, halafu ndio maneno ya moto. Si maneno kwanza, halafu DO asimame?"

"Hapana. Alisimama kwanza. Alisimama kwa hasira, kiti ikaanguka. Kinyanjui alikuwa bado amenyamaza."

Hezekiah alifunga daftari polepole. Mtu hukasirika akisha kutukanwa, si kabla. Bwana DO aliangusha kiti na kuvaa kofia wakati Kinyanjui hajafungua mdomo. Basi alikuwa amesikia nini, na kutoka kwa nani?

DO mwenyewe alikuwa safarini Baringo, na Bwana Harwood alikuwa amekwisha kusema hatasumbuliwa. Hezekiah alichukua kofia yake, akashuka Bondeni kwa miguu.

Jerop aliuza chai kando ya mlingoti wa goli katika kila mkutano na kila mechi. Siku ya Jumatano aliuza pale pale, kwa mafundi wa reli. Alimpa Hezekiah kikombe bila kuulizwa, akasikiliza swali lake, akacheka.

"Sisi kwa hiyo mikutano hucheka mara mbili, Inspekta. Ya kwanza tunacheka kwa sababu waalimu wa misheni huko mbele wamecheka. Ya pili tunacheka kwa sababu sasa tumeelewa."

"Na ya moto? Waalimu walifanya nini?"

"Hawakucheka. Walishika midomo. Mmoja alisema 'uuui!' Nikajua kuna kitu inakuja, nikaweka birika chini."

"Kinyanjui alikuwa amesema tayari?"

"Kinyanjui? Alikuwa kimya. Alimwangalia Micah hivi, kama mtu ameongezewa gunia la pili mgongoni. Alikuwa na ile karatasi yao, akaangalia karatasi, akaangalia Micah tena. Micah akamwambia kitu kidogo, hivi, na kidole. Ndio akasema."

"Karatasi gani?"

"Si ile ya kila siku? Micah huandika, Kinyanjui huweka alama na penseli mahali pa kusimama. Wameifanya hivyo hata kwa mazishi ya chifu."

Hezekiah alikuwa amesoma habari ya karatasi hiyo kwenye ungamo: ilianguka kwenye matope, ikakanyagwa na watu. Jumatatu askari walipekua chumba cha Kinyanjui mpaka wakapasua godoro, na hawakupata hata kipande.

"Utasema haya kortini, Jerop?"

"Nitasema. Halafu jaji ataniuliza, mama chai, Kiingereza ulijulia wapi?" Akamimina kikombe kingine. "Waulize waalimu."

"Nitawauliza."

"Mmoja alipita hapa jana. Anasema Jumapili alikuwa kanisani mchana wote."

Alikwenda misheni hata hivyo. Waalimu watatu walimwambia walikuwa kanisani mchana wote, kila mmoja kwa maneno yale yale. Hakuwalaumu sana, walikuwa na kazi na watoto. Saa tano na nusu alikuwa kwenye Landrova kuelekea Rongai.

Micah arap Lelei alimpokea barazani. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye sauti iliyojaa hata akiomba sukari. Mbele ya nyumba gari jipya lilikuwa linaoshwa.

"Chamgei, Hezekiah," akamwamkia kwa lugha yao ya nyumbani. "Karibu. Ni mambo ya huyo kijana?"

"Ni hayo, Mheshimiwa. Nataka nijaze mahali pamoja tu. Kabla ya Kinyanjui kusema ile ya moto, wewe ulikuwa umesema nini?"

"Nilisema tutafuata sheria. Yeye akatia yake. Unamjua."

"Namjua. Bwana DO alivaa kofia kwa nini?"

"Jua labda."

"Kulikuwa mawingu. Konstebo ameandika."

Micah alikunywa chai. Kijiko kikagonga sahani.

"Hezekiah, wewe ni mtu yetu. Kitu gani unatafuta?"

"Natafuta nani alisema kwanza."

"Mwenyewe amekubali. Amesaini. Unataka kubishana na mtu juu ya dhambi yake?" Akaingia ndani, akatoka na bahasha. "Hii ni taarifa yangu. Ya kwanza iko na Harwood, hii ni nakala. Chukua, uiweke kwa faili, umalize."

Hezekiah aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa kwa Kiingereza, imepigwa taipu, na chini sahihi na muhuri. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari wa mwisho, akausoma tena. Hasira alizijua, lakini hii haikuwa hasira bado. Ilikuwa ni kama kuingia nyumba unayoijua na kukuta haina ukuta wa nyuma.

"Mama Rahab anakuulizia," akasema. "Kila asubuhi."

Kila mtu Rongai aliijua habari ile. Mama yake Micah alikufa akimzaa, na Rahab, ambaye alikuwa na Kinyanjui kifuani, alimpa Micah ziwa la pili. Wavulana walikua wakichunga ng'ombe za mzungu mmoja, wakasoma dawati moja. Na mwaka 1953, malori yalipokuja kuzoa Wakikuyu mashambani, Micah, mwalimu wakati huo, alisimama mbele ya lori akasema huyu na mama yake nawasimamia mimi. Watu wa Rongai walipenda kusimulia hadithi hiyo wakitaka kuonyesha kwamba binadamu bado ni binadamu.

Micah aliangalia gari lake likioshwa. "Mwambie nitamtumia gunia la mahindi."

Saa saba na nusu Hezekiah alikuwa kituoni tena. Rahab alikuwa benchini, anaimba. Aliinua uso, na Hezekiah akatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Kisha akaagiza Kinyanjui aletwe kwenye chumba cha mahojiano, na Kipkorir aje na daftari.

Kinyanjui alikuwa bado amevaa koti lake la Jumapili. Siku tatu za selo zilikuwa zimelikunja, lakini vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

"Nimeongea na Jerop," Hezekiah akasema. "Najua Micah alisema kwanza."

"Jerop hajui Kiingereza, Inspekta."

"Karatasi iko wapi?"

"Ilianguka kwa matope. Nimeshasema."

"Kinyanjui, kesho ukisema 'ni mimi', hakuna mtu ataweza kukutoa. Mama yako watampeleka. Unaelewa?"

"Mama hataenda mahali. Kuna mtu atamwangalia." Alisema kwa utulivu kabisa, kama anayetaja siku ya soko. "Maneno ni yangu. Nilitia chumvi. Watu wote wanajua."

Watu wote wanajua: hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Wakati wa sifa maneno ya Kinyanjui yalikuwa ya Micah, na wakati wa kesi maneno ya Micah yakawa ya Kinyanjui, na hakuna aliyeona ajabu.

Hezekiah alitoa bahasha. Alijua anachotaka kufanya, na hakukipenda.

"Sheria inataka uelezwe ushahidi ulio juu yako, mbele ya askari wa pili. Hii ni ya Micah. Ni Kiingereza, na Kipkorir hajui Kiingereza. Mkalimani wetu ameenda Naivasha na Bwana Harwood. Utaifasiri wewe, yeye aandike."

"Kesi yangu mwenyewe?"

"Kama huwezi, nitaisoma mimi. Lakini Kiingereza yangu unaijua."

Kinyanjui karibu atabasamu. Akaichukua karatasi. Kisha akasimama, hakuna aliyemwambia asimame. Akasogea hatua moja nyuma ya kiti kitupu, mahali pake pa siku zote, akakohoa, na sauti ikatoka ile ile ya kiwanjani, iliyofika mpaka kwenye goli la pili.

"'Mimi, Micah arap Lelei, wa Rongai, nasema haya kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu.'"

Kalamu ya Kipkorir ilikwaruza.

"'Mtu anayeitwa Kinyanjui namjua kwa kazi tu. Mimi humwajiri kwa siku, mkutano kwa mkutano.'" Macho yake yalikuwa yamekwisha kukimbia mstari wa mbele na kurudi.

"Unaweza kuacha," Hezekiah akasema.

"Mkalimani hachagui, Inspekta." Akaendelea. "'Si rafiki yangu. Sijui atokako wala watu wake.'"

Kupitia dirishani sauti ya Rahab ilikuwa inaingia, ubeti wa tatu wa wimbo wa asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

"'Maneno ya moto mimi sikuyasema. Ni yake, na yanaonyesha tabia ya watu wa kabila lake, ambao serikali imekuwa na huruma nyingi juu yao.'" Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Hakulifuta, wala sauti haikushuka. "'Naishukuru serikali kwa kuniona kuwa nafaa kupendekezwa kwa kiti maalumu katika Baraza, nami nimekubali kukipokea.'"

Kipkorir aliinua kalamu. "Kiti gani hiyo?"

"Mfupa," akasema Kinyanjui. Halafu upesi: "Usiandike hiyo. Hiyo ni yangu."

Hezekiah alitazama meza. Alitaka kumnyang'anya karatasi ile, na hakuweza, kwa sababu mstari uliobaki ndio aliomletea.

"'Nimetia sahihi yangu hapa Nakuru,'" Kinyanjui akasoma, "'mbele ya Superintendenti Harwood, leo Jumapili, tarehe kumi na tatu Aprili, saa kumi na mbili na nusu...'"

Akakomea hapo. Aliileta karatasi karibu na uso, akaisogeza mbali. Sauti iliyofuata haikuwa ya kiwanjani.

"Jumapili?"

"Jumapili," Hezekiah akasema. "Mkutano uliisha saa kumi na moja. Majani ya Subukia yalikuwa bado hayajashika moto. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza kitu."

Kinyanjui aliketi, si kwenye kiti bali ukingoni mwa meza, jambo ambalo mshtakiwa haruhusiwi. Kipkorir hakumkemea.

"Alikuja hapa Jumatatu," akasema. "Jioni, mama alikuwa ameenda. Aliingia na mlango wa nyuma na Bwana Harwood. Alinishika mikono, Inspekta. Alilia. Akasema, ndugu yangu, chukua wewe haya maneno. Mimi nikiwa nje nitakutafutia wakili, lakini tukiingia wote wawili, nani atatutoa? Nikaona ni ukweli. Mwaka wa malori yeye alisimama mbele yangu, sasa nikasema leo ni zamu yangu." Aliigusa tarehe kwa kidole. "Alikuwa ameshaniuza tangu jana yake. Alikuja kuniomba kitu alikuwa ameshachukua."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema mtu afanye nini na nguo. Hezekiah alikumbuka kwamba Bwana Harwood angerudi saa tisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

"Karatasi, Kinyanjui."

"Haikuanguka kwa matope."

"Najua."

"Wala sikuificha. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, upande mmoja iko safi. Mama ameniomba jalada tangu Krismasi. Jumapili nilifika nyumbani nikamwekea." Akainua kichwa kuelekea dirishani, kulikotoka wimbo. "Muite tu. Mwambie aje na kitabu."

Siku tatu! Siku tatu Hezekiah alikuwa ameamkiana na ushahidi ule kila asubuhi. Askari walipasua godoro, na karatasi ilikuwa imekaa kwenye benchi la serikali, juu ya mkebe wa githeri, ikiimbiwa.

Rahab aliingia akiwa ameshika kitabu kwa mikono miwili. Alimwona mwanawe akaenda kumgusa shavu, kisha akaangalia mlangoni nyuma ya Hezekiah, kama kuna mwingine anayekuja. Kinyanjui alimwomba kitabu. Akalivua jalada taratibu, asilichane, akalilaza mezani, akaligeuza.

Maandishi yalikuwa ya wino wa bluu, herufi zimelala kwa madaha. Mistari ya penseli ilisimama kila mwisho wa sentensi. Katikati ya ukurasa, kwa Kiingereza, zilikuwepo hati za mashamba, na kalamu, na moto usiojua kusoma. Hapo penseli ilikuwa imeweka alama ya kuuliza, kubwa, na chini yake wino wa bluu ulikuwa umejibu kwa neno moja: *Sema.*

Hezekiah hakungoja. Alifungua daftari la vielelezo, akaandika namba, tarehe na saa, akaeleza karatasi ilivyo na ilikotoka. Kinyanjui akatia sahihi, Kipkorir akatia sahihi, Rahab akaweka dole gumba. Kitu kikishaingia daftari lile hakitoki bila amri ya hakimu, hata mkubwa anayekitaka awe nani. Alijua pia kwamba huenda mwezi ujao angekuwa amehamishwa kwa adhabu, akilinda visima vya jangwani huko Lodwar. Aliiandika saa kwa uangalifu: nane na dakika thelathini na tano.

"Kesho ukiulizwa, utajibu nini?"

"Nitasema nilifasiri," Kinyanjui akajibu. "Sawasawa na nilivyoambiwa. Mara moja katika maisha yangu sikutia chumvi."

Rahab alikuwa ameinama juu ya meza. Alinyosha kidole chake chembamba juu ya wino bila kuugusa. Sakafuni kwake, kwa makaa, ndiko wavulana wale wawili walikojifunzia kuandika, na ingawa hakujua herufi hata moja, umbo la mkono wa kila mmoja alilijua.

"Hii ni mkono ya Micah," akasema, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Ameandika! Inasema nini?"

Hezekiah alimtazama Kinyanjui. Kipkorir alimtazama Kinyanjui. Mtu huyu alikuwa amechukua maneno manne ya padri akayafanya arobaini. Alimshika mama yake mkono.

"Inasema hatakuja, mama."